Baiskeli 31 na Daftari Moja

Novemba mwaka jana nilipigiwa simu na mama mmoja wa hapa Sheffield, Uingereza, mjane wa mtu niliyewahi kufanya naye biashara. Mumewe alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Mama akasema ameachiwa baiskeli 31 kwenye gereji, zote za milimani, zote za zamani, wala hajui azifanyeje. "Aliniambia zina thamani," akasema. "Aliniambia lolote likimpata, zitatosha kuezeka paa jipya."

Nilikwenda Jumamosi. Gereji ilikuwa safi kushinda sebule nyingi nilizowahi kukaa. Baiskeli zilitundikwa ukutani kwa gurudumu la mbele, kila moja imefunikwa shuka kuukuu, na kila shuka limebandikwa kikaratasi chenye namba. Juu ya meza ya ufundi palikuwa na daftari la jalada jeusi. Marehemu aliandika kila kitu humo kwa penseli: namba, mwaka baiskeli ilipotengenezwa, siku aliyoinunua, mji alikoifuata, na upande wa kulia, ndani ya mstari aliouchora kwa rula, bei. Pembeni mwa baadhi aliandika maneno mawili matatu. "Rangi ya kiwandani." "Foku si yake." Moja aliiandikia, "Mvua njia nzima, nimefurahi." Nilisimama pale na kikombe cha chai nikijumlisha ukurasa kwa ukurasa. Ilifika pauni 27,400, bila kuhesabu vipuri alivyoongeza baadaye.

"Tutapata ngapi?" mama akauliza.

Nikamwambia ukweli: tukibahatika, nusu yake. Alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonikalisha kuandika haya. "Hiyo nusu nyingine imekwenda wapi? Si zote zipo hapa?"

Nimeishi na baiskeli hizi zaidi ya miaka 20, nikizitengeneza, nikizinunua, nikiziuza, na nyingine nikizipenda mno nikashindwa kuziuza. Lakini swali lile lilinikuta sina jibu. Usiku ule sikulala mapema.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Wanaoijua Tanga wanajua kwamba ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, barabara za Ngamiani zimepewa namba na kunyooka kama zilizopigwa kamba, na juu ya baiskeli utamkuta mwalimu, muuza samaki, mama aliyebana kanga yake vizuri na sheikh anayewahi msikitini. Mjomba wangu alikuwa na Phoenix nyeusi ya Kichina. Iliwabeba watoto wake wote kwenda shule kwa zamu, ikabeba magunia, mabati, hata kabati mara moja. Thamani yake haikuzungumzwa. Ilikuwa ni chombo, kama jembe.

Mwaka 1988, nikiwa na miaka 12, alikuja mwalimu wa ufundi wa kujitolea kutoka Uingereza na baiskeli ambayo hatukuwahi kuiona. Ilikuwa Muddy Fox. Tairi zake nene zilikuwa na meno kama za trekta, na kwenye fremu zilichorwa nyayo za mnyama, moja baada ya nyingine, kama amekatiza pale akaendelea na safari. Ilikuwa na gia. Sisi watoto tuliifuata mtaa kwa mtaa tukihesabu vipande vya meno vya nyuma na kubishana kama ni vitano au sita. Siku tairi ilipopata pancha, mwalimu aliipeleka kwa fundi wetu aliyekaa chini ya mwarobaini na beseni lake la maji, kopo la gololi zilizolowekwa katika mafuta ya taa na kipande cha tyubu cha kukatia viraka. Fundi aliizungusha, akaigonga fremu kwa kucha, akaisikiliza. Mzee wa watu hakuwa msemaji. Akaniangalia nilivyokodoa macho, akasema, "Mwanangu, hii ni baiskeli ya mtu asiye na mzigo."

Sikumwelewa, wala sikutaka kumwelewa. Nilikuwa nimeshaitamani. Na baadaye maishani nimegundua kwamba matamanio ya miaka 12 hayafi, yanasubiri tu mtu apate mshahara.

Hapo lazima nieleze baiskeli ile ilitoka wapi, maana hadithi yake inahusika na swali la mama. Baiskeli ya milimani haikuzaliwa kiwandani. Ilizaliwa katika Marin County, kaskazini mwa San Francisco, California, miaka ya 1970, kwa vijana waliookota baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito, zenye tairi nene, ambazo Wamarekani walikuwa wameshazisahau kwenye vibanda vyao. Walizinunua kwa dola chache, wakazivua madigadi na makorokoro yote, wakazipandisha mlimani na kuziteremsha kwa kasi ya kutisha. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza kushindana katika njia moja ya mteremko karibu na mji wa Fairfax. Breki zilikuwa za kukanyaga pedeli kinyumenyume, za ndani ya habu, na mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba grisi iliungua ikatoka kama moshi. Mtu akifika chini alilazimika kufungua habu na kupakia grisi upya. Njia ile ikaitwa Repack, yaani "pakia tena", na jina hilo inalo mpaka leo.

Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, alianza kutengeneza fremu mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo, akamaliza kumi. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuziuza, fremu zikichomelewa na kijana fundi hodari aitwaye Tom Ritchey. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper kutoka Japani, na hapo kitu cha marafiki wachache kikawa bidhaa ya dunia. Muddy Fox niliyoiona Tanga ilikuwa mjukuu wa vyuma chakavu. Jambo hili hunigusa kila nikilikumbuka: hawa wanaotajwa leo kama waasisi, wenyewe walianza kwa kuokota kile ambacho wenzao walikitupa, na walizivunja Schwinn nyingi ambazo leo zingefungiwa kwenye kabati la kioo.

Nilifika Sheffield mwaka 2001, na mwaka 2003 nikapata kazi katika karakana ya baiskeli. Sheffield ni mji wa chuma, na umeegemea milima ya Peak District. Wapenda milima hapa hawahesabiki. Wakati ule kila mmoja alikuwa anabadilisha. Baiskeli mpya zilikuwa na shokapu mbele na nyuma, breki za diski, fremu za aluminiamu. Zile za chuma za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zililetwa dukani kama kuku wagonjwa. Wateja walituomba tuwasaidie kuzitupa. Nyuma ya karakana palikuwa na pipa kubwa la chuma chakavu, na nimeona kwa macho yangu fremu za mabomba ya Tange ya Kijapani, nyepesi, zilizochomelewa kwa ustadi ambao hauonekani tena, zikitupwa humo huku zinalia kama kengele.

Niliomba ruhusa ya kuziokota. Ya kwanza kuipeleka nyumbani ilikuwa baiskeli ya kampuni ya Marin, ya mwaka 1991. Nililipa pauni 15, na meneja aliona ameniibia. Niliisafisha jikoni kwa juma zima. Nilifungua kichwa cha foku nikakuta gololi bado zinang'aa ndani ya grisi iliyogeuka kahawia kama asali ya nyuki wadogo. Nilipoipandisha mara ya kwanza juu ya bwawa la Ladybower, nilikuwa na miaka 27, lakini aliyekuwa anakanyaga pedeli alikuwa mtoto wa Ngamiani.

Kipindi hicho ndipo nilipojifunza kwamba kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kinapita katika bonde. Kikiwa kipya, kina bei. Kikifika miaka 10 mpaka 15, hakuna anayekitaka: kimepitwa na wakati lakini hakijawa cha kale. Hapo ndipo vingi hufia. Si kwa sababu ni vibovu, bali kwa sababu mwenye kuviona anaona jana yake, na jana haina heshima mpaka iwe juzi. Ukitaka kuokoa kitu, kiokoe hapo bondeni. Ndivyo nilivyofanya, na sikuwa na akili ya biashara hata kidogo. Nilikuwa naokota kilichonililia.

Bei ilianza kupanda polepole, kama maji ya bahari pale Raskazone: unatazama, hayasogei, ukigeuka viatu vimelowa. Mwaka 2006 nilinunua Yo Eddy ya Fat City Cycles kwa pauni 420. Zilitengenezwa Somerville, karibu na Boston, na karakana ya Chris Chance, na mwaka 1994 kampuni iliuzwa ikahamishwa kutoka pale. Kwa hiyo za Somerville zina mwisho wake, hazitaongezeka. Mwaka 2012 niliiuza kwa pauni 1,350. Aliyeinunua alikuwa daktari wa meno, mwenye miaka arobaini na kitu, aliyeendesha gari saa nne kuja kwangu. Alipoishika fremu aliishika kwa mikono miwili, akaniambia kwamba mwaka 1991 alikuwa na picha yake ukutani chumbani kwake, imekatwa kwenye jarida. Aliomba sana baba yake amnunulie, wala haikuwezekana.

Hapo nikaelewa ni nani aliyekuwa ananilipa. Hakuwa daktari wa meno. Alikuwa ni yule kijana wa mwaka 1991. Na wote walikuwa wanakuja wakati mmoja, kwa sababu wote walizaliwa wakati mmoja, na wote walifika kwenye mshahara mzuri, nyumba yenye gereji na watoto waliokua kidogo, wakati mmoja. Wakawa wanagombea vitu vilevile. Klein za Chehalis, Washington, zenye mabomba manene na rangi zinazobadilika kadiri unavyozizunguka. Yeti kama ile aliyopanda mwendesha baiskeli mashuhuri John Tomac, nusu chuma nusu kaboni. Vipuri vya zambarau na bluu vilivyochongwa kwa mashine, ambavyo wakati fulani viliuzwa ghali kuliko baiskeli nzima nilikovitoa.

Neno hilo, "nilikovitoa", linanirudisha kwenye jambo ambalo bado linaniuma. Mwaka 2010 mzee mmoja aliniletea baiskeli aliyoinunua mpya mwaka 1990 na kuipanda yeye peke yake. Kila kitu kilikuwa cha kwake: tandiko lililochukua umbo lake, kengele ndogo, hata risiti. Nilimpa pauni 250, bei ya haki siku ile. Nzima ningeiuza 350. Vipande vipande ingefika 600. Nikaipeleka nyuma, nikachukua spana, na jioni moja ikaisha: krenki kwa mtu wa Scotland, breki kwa mtu wa Ujerumani, habu kwa mwingine, fremu tupu kwa wa mwisho. Baada ya miezi mitano mzee akapita dukani na mjukuu wake wa kiume, mvulana wa miaka minane hivi. Alitaka kumwonyesha baiskeli ya babu kabla haijapata mwenyewe. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa, akamshika mtoto mkono wakatoka. Pauni zile 600 nilizila zamani. Tangu siku ile sijaivunja tena baiskeli iliyofika kwangu nzima.

Mwaka 2013 na mimi nilitapeliwa. Nilinunua Klein kwa pauni 1,900 kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kwamba rangi ni ya kiwandani. Rafiki yangu mwenye jicho kali aliigeuza juu chini, akafungua krenki, akamulika tochi ndani ya bomba. Vumbi la rangi mpya lilikuwa limeingia mahali ambapo rangi ya kiwandani haifiki. Niliiuza kwa pauni 900, nikiwa nimemweleza mnunuzi kila kitu. Kama msomaji anafikiria kuingia katika jambo hili, basi aanze kutazama pale ambapo muuzaji hakufikiria kupasafisha.

Tarehe 12 Agosti 2012 nilikwenda Hadleigh Farm, Essex, kutazama mashindano ya baiskeli za milimani ya wanaume katika Olimpiki ya London. Nilikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa Adrien Niyonshuti wa Rwanda. Nilitaka kumwona kijana wa kwetu Afrika Mashariki katika mchezo ambao, tangu uingie Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996, niliuona ukiwa wa watu wengine. Na nyuma ya safari yake palikuwa na jina nililolijua kutoka kwenye fremu: Tom Ritchey. Fundi yule yule wa California alizuru Rwanda mwishoni mwa mwaka 2005, akaona wakulima wakibeba mizigo kwa baiskeli za mbao, akarudi kubuni baiskeli ndefu ya chuma ya kubebea kahawa. Mwaka 2006 pakaandaliwa mashindano ya baiskeli za mbao na za kawaida, na kutoka hapo ikakua timu iliyofundishwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Niyonshuti alimaliza London akiwa wa 39. Nilimpigia kelele kwa Kiswahili mpaka sauti ikakauka, na sijui kama alisikia.

Nilipokuwa nasubiri apite, nilimkumbuka fundi wa Ngamiani. Ritchey, mtu ambaye fremu zake za mwaka 1980 wakusanyaji wanazigombea, alipofika kwetu aliona jambo lile lile ambalo mzee wa chini ya mwarobaini aliniambia mwaka 1988. Akaongeza mahali pa kuweka mzigo.

Sababu ya pili ya kwenda Essex ilikuwa magurudumu. Baiskeli zote nilizokuwa nazo zilikuwa na magurudumu ya inchi 26, kipimo walichokirithi wale vijana wa Marin kutoka kwenye Schwinn zao. Siku ile Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alichukua dhahabu kwa magurudumu ya inchi 29, na Nino Schurter wa Uswisi akachukua fedha kwa 27.5. Niliondoka uwanjani nikijua kwamba 26 imezikwa. Miaka miwili mitatu iliyofuata viwanda karibu vyote viliiacha. Mwanzoni jambo hili lilituinua sisi wakusanyaji: baiskeli zetu zilitoka kwenye kundi la vitu vya zamani zikaingia kundi la vitu vya kale, kwa siku moja. Lakini mbegu ya kushuka ilipandwa papo hapo. Mtoto aliyekua baada ya hapo hakuwahi kuitamani 26 kwenye dirisha la duka. Hakuikuta.

Nilirudi Tanga kwa likizo mwaka 2019. Barabara ya 12, asubuhi, nilimwona kijana anauza madafu kutoka kwenye baiskeli iliyopakwa rangi ya bluu kwa brashi, ile ya milango. Miguu yangu ilisimama kabla ya akili. Mkunjo wa bomba la nyuma niliujua. Niliomba kuiangalia, nikakwaruza kidogo kwa ukucha karibu na krenki, na chini ya bluu nikaiona rangi yake ya zamani. Ilikuwa Orange Clockwork, ya kampuni ya Halifax, mwendo wa saa moja tu kutoka ninapoishi. Ilikuja na kontena la mtumba. Keria ilikuwa ya nondo, imechomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Breki ya mbele haikuwepo. Madafu yalikuwa zaidi ya 30.

Kijana aliniambia aliinunua shilingi 150,000. Nikamtajia 250,000. Akanitazama kwa huruma. "Bro, nikikuuzia hii, kesho madafu nayabeba kwa kichwa? Nimeshavunja fremu mbili. Hii haipindi."

Nilinunua madafu mawili. Fremu ile, kama isingechomelewa keria, ingenipa pauni 400 Sheffield mwaka ule. Kijana hakuwa na haja ya kujua hilo, na mimi sikuwa na haki ya kumwambia kwamba keria ya nondo imeiharibu. Kwake keria ndiyo iliyoitengeneza. Nimewahi kuwasimulia wakusanyaji wenzangu kisa hiki na wengine wakashika vichwa. Mimi sikubaliani nao. Katika Clockwork zote nilizopitisha mikononi mwangu, ile ya bluu ndiyo pekee iliyokuwa kazini kila siku ya Mungu.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 watu wa Uingereza walifungiwa ndani, wakaruhusiwa kutoka kufanya mazoezi, na baiskeli zikaisha madukani. Kila kilichokuwa na magurudumu mawili kiliuzwa. Niliuza baiskeli za kawaida kabisa, ambazo mwaka uliopita zilikuwa pauni 60, kwa 180 na 200. Mmoja wa wateja alikuwa nesi kutoka Kenya, anayefanya kazi zamu ya usiku na anayeogopa kupanda basi. Aliposikia lafudhi yangu akabadili lugha palepale: "Nipunguzie kidogo, ndugu yangu, niuzie hiyo ya kijani." Nikampunguzia. Ile ya kijani ilikuwa Marin yangu ya kwanza, ya pauni 15. Aliipanda kwenda hospitali kipindi chote kile, na kila nilipoifikiria nilijua iko mahali pazuri.

Lakini wengine miaka ile walikosea, na marehemu mwenye daftari alikuwa mmoja wao. Walidhani mafuriko ni kina cha mto. Kurasa za mwaka 2020 na 2021 katika daftari lake zina baiskeli 11, na ndizo ghali kuliko zote. Alilipa pauni 1,700 kwa baiskeli ambayo mwaka 2017 ningempa kwa 900. Wenye viwanda nao walikosea vivyo hivyo: waliagiza nyingi mno, na kufika mwaka 2023 maghala yalijaa, baiskeli mpya zikauzwa kwa punguzo kubwa. Nani atoe pauni 800 kwa baiskeli ya mwaka 1993 wakati mpya yenye diski ameshushiwa bei hivyo? Maisha nayo yakapanda. Gesi, umeme, riba ya nyumba. Na yule daktari wa meno sasa anakaribia sitini. Goti linamsumbua. Watoto wamehama, anataka nyumba ndogo isiyo na gereji. Amenipigia simu mwaka huu akiuliza kama nitaichukua tena ile Yo Eddy. Ni mtu wa nne kuniuliza swali la namna hiyo tangu Pasaka.

Walikuja pamoja kununua. Wanaondoka pamoja kuuza. Hapo ndipo nusu ya pauni 27,400 ilipokwenda. Haikuibiwa wala haikuwahi kuwa ndani ya chuma. Ilikuwa ndani ya kumbukumbu za watu wa rika moja, na rika hilo linazeeka.

Hii haina maana kwamba kila kitu kimeshuka. Vile vya mwanzo kabisa, fremu za Breeze, za Ritchey za kwanza, Stumpjumper za mwaka 1981 na 1982, vimeshavuka kutoka kumbukumbu ya mtu mmoja mmoja kuingia katika historia, na makumbusho hayazeeki magoti. Fairfax penyewe pana makumbusho ya baiskeli tangu mwaka 2015. Kilichoporomoka ni kile cha katikati: baiskeli nzuri, zilizotengenezwa kwa maelfu, ambazo zilipandishwa na hamu peke yake.

Na kuna wanunuzi wapya, ingawa hawalipi kama wale. Ni vijana wa miaka ishirini na kitu. Wanakuja wanaulizia Bridgestone MB-1 aliyoibuni Grant Petersen, au chochote cha chuma chenye matundu ya kufungia keria. Wanaweka usukani mpana, tairi laini, na kikapu mbele. Wanaipandia kazini na kwenda kulala porini mwisho wa juma. Wazee wa kundi letu huchukizwa na vikapu hivyo. Mimi nilipokiona cha kwanza nilicheka kwa furaha peke yangu dukani, maana nilijua fundi wa Ngamiani angesema nini: sasa imepata mzigo.

Nilirudi kwa mama na kumweleza yote haya, polepole, tukiwa na daftari mezani. Alisikiliza, akafungua ukurasa wa ile ya "Mvua njia nzima, nimefurahi", akauliza ni ipi. Ilikuwa namba 19, Raleigh ya bei ya chini kuliko nyingine zote humo. Akasema hiyo haiuzwi.

Zilizobaki tumezigawa hivi. Tano bora zimekwenda kwa wakusanyaji, kwa bei ya heshima. Tisa wamezichukua vijana wa vikapu, nyingi chini ya pauni 250 moja. Mbili zimechukuliwa na wajukuu wake. Kumi na nne zimepakiwa kwenye kontena la shirika la hisani linalopeleka baiskeli Afrika, na kabla ya kufunga mlango nilihakikisha kila moja ina breki mbili zinazoshika. Jumla imekuwa pauni 11,850. Paa limeezekwa upande mmoja.

Kwa wewe uliye na baiskeli ya zamani, iwe Sheffield, Muscat au Ngamiani, nakuomba jambo moja dogo. Igeuze juu chini leo. Mara nyingi chini ya krenki pamegongwa namba. Iandike kwenye karatasi pamoja na siku uliyoipata, aliyekupa na ulipokwenda nayo, kisha mwonyeshe mtu wa nyumbani kwako ulipoiweka hiyo karatasi.